Bega Lako Si Gogo la Kupasulia Kuni

Wadogo zangu wenye mawifi wakorofi na wachumba wasiopokea simu, leo mtanisubiri kidogo. Nimepata barua ya mdogo wetu mmoja aliyeko Wisconsin, Marekani. Nimeisoma mara mbili, nikashuka chini kwenye stoo yangu hapa Ohio, nikaitazama mashine yangu ya kujazia risasi, nikarudi juu kuandika kabla hata chai haijachemka. Kuna swali moja ndani yake ambalo haliwezi kungoja.

Kwa ufupi anasema hivi. Anafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wenzake wakamchukua siku moja kwenye klabu ya kulenga shabaha, zile sahani za udongo zinazorushwa hewani ukaziwahi na bunduki ya marisau. Akapenda kuliko mchezo wowote tangu rede ya shule ya msingi. Akanunua bunduki yake ya geji 12, mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine. Shida ni bega. Akirudi nyumbani Jumamosi limekuwa rangi ya zambarau, na siku hizi anafumba macho kabla hajavuta kifyatulio. Shemeji yenu anamcheka, eti huo ni mchezo wa wanaume. Mzee mmoja wa klabuni akamwambia ajaze risasi zake mwenyewe, zile nyepesi, akamuuzia mashine iliyotumika. Sasa anauliza: "Dada, nikipunguza baruti nusu, si itapiga taratibu? Nimeshajaza kumi na mbili, nangoja Jumamosi. Na mashine nimeifunga kwenye meza ya jikoni, maana mtoto wangu bado ananyonya, sitaki kukaa mbali naye."

Mdogo wangu, hizo kumi na mbili usizipige hata moja. Ziweke kwenye kopo, andika juu yake kwa herufi kubwa, tutazirudia. Na mashine itoke jikoni leo hii, si kesho.

Sasa vuta kiti.

Nianze na shemeji, maana huyo namjibu kwa haraka. Mwambie jina lenyewe la skeet, mmoja wa michezo hiyo ya sahani, lilibuniwa na mwanamke. Mwaka 1926 lilifanyika shindano la kuupa mchezo huo jina, na Gertrude Hurlbutt wa Montana ndiye aliyeshinda. Mwambie pia kuhusu Kim Rhode, Mmarekani aliyeleta medali katika Olimpiki sita mfululizo, kuanzia 1996 hadi 2016, za sahani hizohizo. Na Olimpiki, mwambie, sheria hairuhusu risasi ya marisau kuzidi gramu 24 na nusu. Wale mabingwa wa dunia wanapiga risasi nyepesi kuliko hizo zinazokutia michubuko. Kwa hiyo anayekuambia wepesi ni wa wanyonge hajui anachosema.

Sasa tuongee uzito, kwa vipimo vya bibi zetu, maana hapa vinafaa. Wamarekani wanapima marisau kwa wakia, kama gramu 28. Risasi ya kawaida ya klabuni hubeba wakia moja na thumuni, yaani gramu 32. Nyingine hubeba wakia moja kamili. Chini yake kuna wakia kasoro thumuni, karibu gramu 25, na chini zaidi kuna kasorobo, gramu 21.

Kinachokupiga bega ni uzito wa vinavyotoka mbele na kasi yavyo. Nimekaa na kalamu nikapiga hesabu ya bunduki ya ratili 8, kilo 3.6 hivi, risasi zote zikitoka kwa kasi ya futi 1,200 kwa sekunde. Teke la ile ya wakia na thumuni tulihesabu kama shilingi mia. Ya wakia moja inakupiga kama themanini na kitu. Ya wakia kasoro thumuni, sitini na tano. Ya kasorobo, hamsini. Umeona? Umepunguza theluthi moja ya marisau, teke limeshuka nusu. Na kwa siku ya sahani mia moja, bega lako linaijua tofauti hiyo kabla ya kichwa.

Utaniuliza, sahani si zitanipita? Hebu tazama. Wakia moja ya marisau namba 8 ina punje kama 410. Kasorobo yake ina punje mia tatu na ushee. Sahani ina kipenyo cha milimita 108, kama kisosi cha chai, na inahitaji punje chache tu kuvunjika. Kwenye skeet kuna watu wanaovunja sahani mia kwa mia kwa kibunduki cha .410 kinachobeba nusu wakia. Ukikosa na punje mia tatu, ujue umekosa wewe. Mimi mwenyewe nilikuwa nikilaumu risasi miaka miwili mizima, kumbe nilikuwa nasimamisha mtutu kila ninapovuta.

Isipokuwa kwenye trap, mchezo mwingine wa sahani, ukisogezwa nyuma. Pale yadi 16 wakia kasoro thumuni inakutosha kabisa. Ukifika yadi 27, mstari wa mabingwa, sahani inavunjwa mbali na punje zimeshatawanyika, huko watu wanarudi kwenye wakia na thumuni na hawakosei. Lakini wewe hujafika huko, na siku ukifika utakuwa na bega la kukufikisha.

Hilo la kufumba macho ndilo linaloniuma zaidi kwenye barua yako. Michubuko inapona kwa wiki. Mwili ukishajifunza kwamba kila kifyatulio ni kofi, unaanza kukwepa kofi kabla halijaja, na kuufundisha upya ni kazi ya miezi. Ndiyo maana nasema shuka uzito sasa, hata leo, kwa kununua risasi za dukani za wakia kasoro thumuni ukizipata, wakati tunalitengeneza hili la mashine.

Na kabla ya mashine, kuna jambo ambalo yule mzee wa klabuni hawezi kukuambia, nami nalijua kwa sababu nilivaa alama yake mwezi mzima. Kamba ya sidiria. Ile chuma au plastiki ya kurekebishia urefu inapokaa palepale kitako cha bunduki kinapoegemea, kila mlio unaigandamiza kwenye nyama. Vaa ya michezo, isiyo na bizimu begani. Halafu mwombe mtu akutazame unavyoinua bunduki: bunduki nyingi za dukani zimekatwa kwa mikono mirefu ya wanaume, nawe mwenye mkono mfupi unakiweka kitako kwenye msuli wa mkono badala ya kwenye kishimo cha bega. Fundi anaweza kukata kitako na kukitia mpira mzito. Wakati mwingine nusu ya maumivu inaishia hapo.

Haya. Baruti.

Kijijini kwetu kulikuwa na mzee mwenye gobore, wa kulindia mahindi yasiliwe na ngedere na nguruwe pori. Nilikuwa namtazama akijaza. Anamimina baruti nyeusi kwenye kiganja, anaikadiria kwa jicho, anaipeleka mdomoni mwa mtutu, anasindilia kwa nyuzi za nazi, kisha vipande vya chuma. Leo kiganja kimejaa zaidi, kesho kidogo. Bunduki ikalia siku zote, na yule mzee alikufa kwa uzee. Nadhani wengi wetu tuliokulia huko tunabeba kichwani picha ile: baruti ni kama chumvi, ukipunguza chakula kinapoa, ukizidisha kinakolea.

Baruti isiyo na moshi, hii ya kwenye makopo ya leo, si ile. Hii inataka kubanwa ili iwake sawasawa. Ndani ya ganda kuna fataki kitakoni. Watanzania msicheke, si yule fataki wa matangazo ya redio aliyekuwa akirubuni wanafunzi. Ni neno la zamani, kikofia cha chuma kinachogongwa na pini kikatoa cheche. Juu yake baruti, juu ya baruti kikombe cha plastiki kinachoziba gesi isipite, ndani ya kikombe marisau, na juu kabisa mdomo wa ganda uliokunjwa kama bahasha. Cheche inawasha, presha inapanda, na presha hiyohiyo ndiyo inayoifanya baruti iendelee kuwaka. Ukiweka nusu ya kipimo, presha haifiki. Baruti inawaka kwa kusuasua, au inakwama njiani. Kikombe kinabaki katikati ya mtutu. Nawe umesikia mlio mdogo, umeona sahani imekupita, unavuta mtutu uleule kwa sahani ya pili.

Hapo ndipo mtutu unapopasuka, sentimita chache kutoka kwenye vidole vyako vya kushoto.

Nasema haya kwa kuwa nimesimama pale. Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kujaza. Nilikuwa stoo nikiongea na mama kwa simu, harusi ya binamu, nani kachanga na nani kajificha, mkono wa kulia ukivuta mpini wa mashine bila mimi kuwapo. Chupa ya baruti ikaisha sikuona. Nikaendelea kujaza ganda sita au saba zenye kila kitu isipokuwa baruti. Jumamosi yake uwanjani, mlio ukatoka kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Marisau yakadondoka yadi chache mbele yangu. Mimi, kwa ujinga, nikawa naandaa bunduki kwa sahani inayofuata. Baba mmoja nyuma yangu akapaza sauti hadi uwanja wote ukanyamaza. Nikafungua bunduki, nikatoa risasi, nikachungulia: giza. Kikombe kilikuwa kimekaa katikati ya mtutu kama kizibo. Fataki peke yake ilikisukuma hadi hapo.

Tangu siku ile, mlio wowote usio wa kawaida, hata kama nina hakika ni masikio yangu tu, nasimama. Nafungua, natoa risasi zote, naangalia mwanga wa mtutu kutokea nyuma. Ndani ya begi langu kuna ufito wa kusukumia kizibo. Watu wananingoja na wala siwaombi radhi. Na simu haishuki tena stoo, hata mama akiwa na habari ya moto.

Kwa hiyo wepesi unatoka wapi, kama si kwenye kupunguza baruti? Unatoka kwenye kitabu. Kampuni zinazotengeneza baruti, kama Alliant na Hodgdon, hupima michanganyiko maabara kwa vyombo vya kupimia presha na kuichapisha. Lyman nao wana kitabu kinene cha marisau peke yake. Unatafuta ukurasa wa geji 12, wakia kasoro thumuni au kasorobo, unakuta mstari: ganda la aina hii, fataki ya aina hii, baruti hii greni kadhaa, kikombe hiki, kasi hii, presha hii. Mstari huo unaufuata wote, kutoka kushoto hadi kulia. Hubadilishi hata neno moja.

Najua unavyopika, mdogo wangu, nami napika vivyo hivyo. Iliki imekwisha, unatia mdalasini zaidi. Hapa hakuna hiyo. Fataki mbili zinazoonekana pacha, moja ina moto mkali kuliko nyingine, na kubadilisha tu fataki kunaweza kuipandisha presha kupita kiasi. Maganda nayo yanadanganya. Ganda la Winchester AA la zamani na la sasa yanafanana kwa nje, lakini kwa ndani kitako chake kimejengwa tofauti. Kuna maganda yenye nafasi kubwa ndani, na yenye nafasi ndogo. Kikombe kikiwa kirefu mno mdomo haufungi, kikiwa kifupi mno mkunjo unazama katikati kama keki iliyokosa hamira. Chagua aina moja ya ganda, ile inayoachwa kwa wingi klabuni kwenu na wengine wasiojaza, okota hizohizo tu, na mengine yaache chini hata yakiwa mapya yanang'aa. Uchoyo wa maganda ni ugonjwa, nami nina magunia mawili stoo ya kunishuhudia.

Hiyo mashine uliyouziwa, ukisema ina mpini mmoja na vituo vitano, basi yaelekea ni ya MEC, wanazitengeneza hukohuko Wisconsin kwenu, mji wa Mayville. Ni mashine nzuri ya kujifunzia, inajaza ganda moja kwa wakati, polepole, na polepole ndiyo unayoitaka. Kituo cha kwanza kinatoa fataki iliyotumika na kulirudisha ganda kwenye umbo lake. Cha pili kinatia fataki mpya. Cha tatu ndicho chenye mambo: baruti inadondoka, unasindilia kikombe, marisau yanadondoka. Cha nne kinaanza kuukunja mdomo, cha tano kinaufunga.

Sasa sikiliza vizuri hili la mashine za mkononi. Pale kwenye kituo cha tatu kuna reli ya chuma inayoteleza kulia na kushoto. Upande mmoja ina tundu linalopima marisau, upande mwingine ina kipete kinachoamua kiasi cha baruti. Mzee aliyekuuzia alikuwa akipiga risasi zake, si zako. Naweka dau reli yake imekatwa kwa wakia na thumuni. Kila reli ina uzito wake uliopigwa chapa, itazame. Kama si ya uzito wako, nunua nyingine, ni kitu kidogo. Kipete nacho kina namba, na kuna jedwali linalokuambia namba hii inadondosha greni ngapi za baruti ipi. Usiliamini jedwali. Liheshimu, lakini usiliamini. Vipete hudondosha pungufu mara nyingi, vingine zaidi, na mkono mzito unaogonga reli kwa nguvu unaishindilia baruti ikaingia nyingi kuliko mkono mwepesi. Nunua mizani ya greni, ile ndogo ya kidijitali au ya mkono, dondosha mara kumi, pima kila moja, ndipo ulinganishe na kitabu. Ratili moja ni greni 7,000, kwa hiyo unaelewa greni moja ni kitu gani: pumzi. Feni ya dari inaweza kuichezesha mizani, izime. Marisau yapime pia: wakia kasoro thumuni ni greni 383, kasorobo ni 328. Kupishana greni chache kwa marisau si neno. Kwa baruti ni neno.

Tabia zangu nyingine nitazitaja tu harakaharaka. Kopo moja tu la baruti juu ya meza, mengine kabatini, ili chupa isije ikamiminiwa baruti siyo yake. Sihamishi baruti kwenye chupa ya soda wala fataki kwenye kibati cha biskuti. Zinakaa kwenye vifungashio vyake vya kiwandani, mbali na joto. Miwani machoni muda wote, maana fataki hupasuka mara moja moja zikitiwa. Ganda lililopasuka mdomo, naliaga. Kila ganda la kumi nalichungulia kwa tochi kabla ya kikombe, nione baruti imefika kimo chake. Na risasi za geji 20, zile za njano za jirani yangu, haziingii stoo yangu kabisa: zinateleza ndani ya mtutu wa geji 12, zinakwama mbele kidogo, na ukitia ya 12 nyuma yake, tumerudi kwenye hadithi ya kizibo, ila mbaya zaidi.

Mambo mawili yatakukuta Wisconsin kwa hakika. Januari, risasi nyepesi sana zinaweza kulia vibaya, mara puf mara paa, na kuacha punje za baruti zisizoungua mtutuni. Baridi inazinyima presha. Za kasorobo ziache kwa majira ya joto, wakati wa theluji panda kwenye mchanganyiko wa kitabu wenye presha ya juu kidogo, na risasi zikae ndani ya gari lenye joto hadi zamu yako. Pili, ukiazimwa bunduki inayojipakia yenyewe, usishangae ikigoma kutema ganda. Inategemea nguvu ya risasi, nawe umeiondoa. Hiyo yako ya mitutu miwili inafunguliwa kwa mkono, haina neno.

Sasa mtoto.

Kiswahili kimetusaidia hapa, ingawa hatusikii. Tunaita kitu hiki risasi kwa sababu ndicho kilichomo: madini ya risasi. Marisau ni risasi. Na vumbi unaloliona kwenye maganda na fataki zilizotumika lina risasi pia, laini kuliko la marisau, linapanda hewani ukimwaga maganda kwenye ndoo, linatua kwenye meza, kwenye mikono, kwenye kanga. Madini haya yakiingia mwilini yanajificha kwenye mifupa miaka na miaka, na mwili wa mama unaponyonyesha huichota mifupa kutengeneza maziwa. Kwa mtoto mdogo huumiza ubongo unaokua, na hakuna kiasi ambacho madaktari wanasema ni salama.

Kwa hiyo sikupi ushauri wa nusunusu. Wakati unanyonyesha, usijaze. Funga mashine, ifunike, iweke gereji. Piga risasi za dukani nyepesi, uwanja wa wazi, na ukirudi viatu vibaki nje, nguo zifuliwe peke yake, uoge ndipo umshike mtoto. Mwambie daktari wa mtoto kwamba unapiga shabaha na kwamba mashine ilikaa jikoni. Kipimo cha damu ni kidogo na kinamaliza wasiwasi. Meza ya jikoni ifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni, usifagie kukavu. Mtoto akishaacha ziwa, utajaza gereji, bila kula, bila kunywa, bila kanga ya kumbebea, na mikono utainawa kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa kitasa. Stoo yangu ina mlango na kufuli, na ufunguo unakaa shingoni mwangu, watoto wa dada yangu wakija hawajui hata kuna nini.

Pesa nayo uliigusa mwishoni: "si nitaokoa hela?" Labda. Mfuko wa marisau huja wa ratili 25, yaani wakia 400. Ukijaza wakia na thumuni unapata risasi 355. Ukijaza wakia kasoro thumuni, 457. Kasorobo, 533. Chukua bei ya mfuko dukani kwenu, gawanya, ongeza fataki, kikombe na baruti, kisha linganisha na boksi la risasi 25. Kwa geji 12 ya bei nafuu utashangaa jinsi tofauti inavyokuwa nyembamba, na miezi mingine inakuwa hasara. Wanaookoa kweli ni wa geji 28 na .410, ambazo boksi lake dukani ni bei ya nyama. Mimi najaza geji 12 kwa sababu ya kasorobo yangu. Duka la karibu nami haliiuzi, na bega langu haliitaki nyingine.

La sheria, wadogo zangu, lisikieni wote, hata msiopiga. Marekani kujaza risasi zako kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya serikali kuu. Kuuza kunahitaji, kwa hiyo ukisikia shoga yako wa klabuni anasema "nijazie boksi tano nikulipe", mkatalie kwa upendo. Lakini kabla ya yote hayo: mwenye viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi hata kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni halali ya kuwinda. Mwenye green card ni tofauti. Usichukue neno la rafiki, wala langu. Muulize wakili wa uhamiaji kabla hujagusa ganda moja, maana kosa la hapa linaweza kukurudisha kwenu kwa ndege usiyoichagua. Na mkiwa likizo, baruti na fataki haziingii kwenye ndege, si begi la mkononi si la kukabidhi, hata kama mjomba amekuomba. Kenya na Tanzania utengenezaji wa risasi unaongozwa na vibali vya serikali, si kazi ya stoo. Msimfundishe kaka yenu kwa video ya simu.

Nirudi kwako, mdogo wangu wa Wisconsin, na lile kopo la risasi kumi na mbili. Usimpe mtu, usizitupe kwenye taka. Nenda gereji, mtoto akiwa kwa baba yake, miwani machoni, dirisha wazi. Hakuna nyundo, hakuna jiliwa. Chukua koleo ya mdomo mwembamba, fungua mkunjo ukunjo kwa ukunjo, kama unavyofungua bahasha usiyotaka ichanike. Marisau mwaga kwenye chupa. Kikombe kivute kwa koleo hiyohiyo. Baruti imwage kwenye kibakuli, isirudi kwenye kopo, itandaze nyasini nyuma ya nyumba mbali na moto. Ganda litabaki na fataki yake nzima, hiyo usiichokoe. Liweke pembeni, utalijazia upya siku yake. Kabla ya kulitua kila moja, hesabu kwa sauti hadi ufike kumi na mbili. Ukifika kumi na moja, tafuta la kumi na mbili kabla ya kulala.